Mama Mukubwa wa Rigobert

Jogoo alichinjwa saa mbili asubuhi, na hapo ndipo Ndaya alipoamini kwamba baba yake hatanii.

Jogoo yule alikuwa amevuka Noeli mbili, Pasaka mbili na ubatizo wa mtoto wa jirani bila kuguswa hata unyoya. Mzee Kazadi alimpenda kwa sababu aliwika kwa wakati wake, na Mzee Kazadi, mpiga telegrafu wa stesheni ya Kindu kwa miaka kumi na minane, aliheshimu kila kinachokwenda kwa wakati: treni ya Kongolo, kengele ya misheni, na jogoo huyo. Lakini siku tatu kabla ya hapo ilikuja telegramu, nayo ikamaliza maisha ya jogoo.

Mzee Kazadi aliipokea mwenyewe kwenye mashine, herufi kwa herufi, kutoka Ponthierville. Aliporudi nayo nyumbani akaiweka mezani, akavua kofia, akaanza na lile lililomsumbua zaidi.

"Louis wa Ponthierville ana homa. Nimeisikia katika mukono yake."

"Umemuona wapi?" akauliza mkewe, Mama Victorine, ambaye alilijua jibu lakini alipenda kumchokoza.

"Sikumuona, nimemusikia. Kila mupigaji iko na mukono yake kwenye mashine, kama vile kila muntu iko na sauti yake. Leo Louis anachelewa kwenye zile alama ndefu. Ana homa, na asipokunywa kinini kesho ataanguka." Kisha akaigeuza karatasi iwaelekee wote. "Na hii njo ya yule kijana yenu."

Iliandikwa: NAFIKA JUMAMOSI NA MAMA MUKUBWA. RIGOBERT.

Ndaya aliisoma mara moja kwa macho na mara kumi kwa moyo. Miaka miwili! Miaka miwili tangu Rigobert Onema, fundi seremala wa karakana ya reli, apande meli kwenda Léopoldville kupiga muziki, akamwachia ahadi na kitambaa cha mkononi. Mama yake Rigobert alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa Lokandu na dada mkubwa wa mama yake. Sasa kijana asiye na mama anaposema anakuja na mama yake mkubwa, anakuja kwa jambo gani lingine kama si posa?

"Kumbe ameanza kupata akili," alisema Mzee Kazadi, na kwa jinsi alivyokuwa mgumu wa sifa, hiyo ilikuwa sifa kubwa. "Akikuja na mukubwa wake, nitamusikiliza. Lakini Jumatatu ni Jumatatu."

Maneno ya Jumatatu yalimchoma Ndaya. Ndani ya sanduku la baba yake mlikuwa na barua ya Michel, karani wa ofisi ya mgodi kule Kalima, mtu wa kola nyeupe na mwandiko wa kupendeza, aliyemwona Ndaya mara moja tu kanisani na kumtaka. Mzee Kazadi aliapa kumjibu Jumatatu. Katika nyumba ile, baba alipoapa kwa siku, siku haikusogea.

Na kwa Rigobert alikuwa na kinyongo cha zamani. Noeli ya mwaka juzi Ndaya aliomba ruhusa ya kuendelea kumwandikia. Baba yake hakufungua mdomo. Alichukua kijiko akagonga meza: fupi, fupi, fupi, fupi, akaendelea hadi mwisho. Ndivyo alivyoongea alipokuwa amechoka au amekasirika, kwa kijiko na alama za mashine yake, na Ndaya tangu utoto aliyasoma mapigo yale kama wengine wanavyosoma katekisimu. Kwa kijiko baba yake aliomba chumvi, aliwatuma kufunga mlango, na siku ile ya Noeli alisema HAPANA. Zikapita wiki kumi na nne bila barua, hata Mama Victorine alipochoka kuona macho mekundu na kumwambia mumewe kwamba ama binti aandike ama yeye aache kupika.

Basi Jumamosi ile ya mwaka 1956, mchana kweupe, walisimama watatu bandarini, Mzee Kazadi kwenye tai na jasho, Mama Victorine kwenye kikwembe cha sikukuu, na Ndaya akishikilia kamba ya mkoba kwa mikono miwili. Meli ilikuja polepole dhidi ya maji ya Lualaba. Watu wakaanza kupiga kelele za majina.

"Yule pale!" Mama Victorine alimbana Ndaya mkono. "Yule mama murefu, pembeni ya Rigobert! Mwenye kikwembe ya rangi ya machungwa na kofia!"

Kweli, kwenye ukingo wa meli alisimama mama mmoja mrefu, mwembamba shingoni, mpana kuanzia mabegani kwenda chini, amefungwa kikwembe mpaka kwenye koo, kofia imemwangukia usoni. Rigobert alikuwa amemshika kiuno.

"Bwana asifiwe, ni mama munene," alisema Mama Victorine kwa kuridhika. "Tumupungie."

Walipunga. Rigobert alirudisha kwa mkono mmoja, meno yote nje, na Ndaya alipoyaona meno yale alisahau kabisa kuwa kuna mtu anaitwa Michel duniani. Lakini mama yule hakutikisika.

"Ana majivuno," Mama Victorine alinong'ona.

"Pengine haoni mbali," alisema Mzee Kazadi, akaikaza tai yake. Kisha akakunja uso. "Lakini mbona anamushika mama yake namna ile?"

Kwa sababu Rigobert alikuwa ameanza kushuka ngazi, naye alimbeba mama mkubwa kifuani kama mtu anayecheza dansi, akipiga hatua moja moja, akimwambia "pole, pole, tumefika." Mama Victorine alikuwa tayari amefungua mdomo apige vigelegele, na kigelegele kimoja kilimtoka. Cha pili kiliishia njiani. Kofia ilianguka, na pale palipotakiwa kuwa na uso palikuwa na kichwa cha mti kilichosokotwa, chenye vyuma vinne.

"Papa, Mama, mbarikiwe," alisema Rigobert akihema. Akamtazama Ndaya, akasahau alichotaka kusema, akakikumbuka. Akalifungua fundo la kikwembe kwa heshima. "Huyu njo Mama Mukubwa."

Ilikuwa kontrabasi. Ile ya kusimama, ndefu kuliko mtu, yenye nyuzi nne nene na tumbo la mbao lililosuguliwa likang'aa. Rigobert aliifunga kikwembe kwa ajili ya unyevu wa mto na akaivika kofia yake kwa ajili ya jua.

Barua zote za Rigobert zilimrudia Ndaya. *Mama Mukubwa hajambo, wiki hii ameimba nyimbo kumi na mbili.* Naye alidhani Rigobert amemchukua mama mlezi wake Léopoldville, na kwamba bibi wa watu amechangamka na mji. *Mama Mukubwa hapendi mvua, inamulegeza.* Naye alimjibu ampe pole kwa baridi yabisi, amkande kwa mafuta ya mawese ya moto.

"Ulimukanda?" alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Basi, acha."

Mzee Kazadi aligeuka, akapanda barabara kuelekea nyumbani, mgongo umenyooka, tai imepinda. Mama Victorine ndiye aliyeokoa siku.

"Rigobert, mutoto yangu, kuja," alisema. "Jogoo amekwisha kufa. Hatafufuka kwa sababu mugeni ni wa mbao."

*

Nyumbani kila kitu kilikuwa tayari, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe mabaya. Wali wa Maniema ulikuwa unafuka, bukari, ugali wa kwao, ilikuwa imefunikwa, sombe, yaani kisamvu, ilikuwa imekolea mawese, na kwenye kichwa cha meza kilikuwapo kiti cha Mzee Kazadi mwenyewe, chenye mikono ya kuegemea, ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukikalia. Alikitoa kwa ajili ya mama mkubwa. Mto mdogo ulikuwa juu yake, ambao Ndaya aliushona kwa siku mbili.

Rigobert alitafuta pa kuiegemeza kontrabasi. Chumba kilikuwa kidogo. Mwishowe, bila kujua anachokifanya, aliilaza kwenye kile kiti, kwenye ule mto. Mama Victorine alijifunika mdomo kwa upindo wa kikwembe, mabega yakitikisika.

Ndaya alileta beseni na birika akammwagia mgeni maji ya kunawa. Huo ulikuwa wajibu, na wajibu haukatazwi na mtu. Viganja vile vya seremala alivikumbuka, lakini ncha za vidole zilikuwa zimekuwa ngumu na laini kwa pamoja, zimepata ngozi ya pili. Kidole cha Ndaya kiligusa kimoja kati ya vidole hivyo, kikabaki hapo muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kumwaga maji.

"Maji yamekwisha," alisema Rigobert kwa upole.

"Najua," alisema Ndaya, akiwa na birika tupu mkononi. Alimpenda mtu huyu kiasi cha kuona aibu.

Mzee Kazadi alikohoa. "Kijana, kaa. Nilichinja jogoo kwa sababu ya mbao. Sasa mbao haikule, basi angalau iniambie imekuja kufanya nini nyumbani kwangu."

"Papa, nisamehe. Kule kazini wote tunamuita Mama Mukubwa, hata patron, mwenye studio. Nilisahau kama huku hamujui. Nilimuleta uone kazi yangu kwa macho yako. Studio imefungwa, wanajenga upya, na Jumanne ninarudi na meli hii hii. Nilisema, afazali Papa aone kuliko asikie za watu."

"Kazi gani? Uko na orchestre, kundi yako?"

"Hapana, Papa. Miye ni wa studio. Mwimbaji akitoka Stanleyville, akitoka Matadi, akitoka wapi, anakuja na gitaa yake na wimbo wake. Hana wa kumushikilia sauti ya chini. Basi wananiita. Anaimba mara moja, ninasikiliza. Mara ya pili tunaingiza kwenye diski. Mukro, ile ya kushika sauti, ni moja tu, na wamechora mustari wa chokaa ukutani nyuma kabisa. Pale njo pangu. Nikisogea mbele hata kidogo ninawafunika wote. Siku zingine nyimbo sita, wenye nyimbo sita mbalimbali, na wote wanafurahi."

Alikuwa amesahau kuogopa. Aliongea kwa mikono, na Ndaya aliona jinsi kazi yake inavyompenda na yeye anavyoipenda, akaona wivu kidogo, wivu mzuri.

"Na wakitoka wanakwenda na jina," alisema Mzee Kazadi. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa fahari yake ya pili baada ya tai: gramofoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri kumi na mbili, kila moja kwenye mfuko wake, kila mfuko na namba kwa wino. Akachomoa moja, akaisogeza chini ya pua ya Rigobert. "Soma. Mwimbaji iko. Mupiga gitaa iko. Na wewe? Jina yako iko wapi?"

"Haiko, Papa."

"Kwa zote?"

"Kwa zote. Jina ya wa nyuma haiandikwi."

"Basi nitamupa binti yangu muntu ambaye kazi yake haimujui?" Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo lilimwumiza Ndaya zaidi. Ilikuwa sauti ya baba aliyeogopa. "Michel wa Kalima akiandika barua, chini kunakuwa jina yake. Ukisema umepiga kwenye hizi zote, nani atakataa? Ukisema haukupiga hata moja, nani atakataa?"

"Mimi," alisema Ndaya.

Wote wakamgeukia. Hata yeye mwenyewe alishangaa.

"Mimi nitakataa, Papa. Rigobert alipiga dansi za Jumamosi hapa Kindu mwaka muzima kwa sanduku yenye kamba moja. Ninamujua. Uzipige zote kumi na mbili, nitakuambia yake njo gani."

"Wewe?"

"Nilizaliwa nyumba ya nani?"

Mama Victorine alicheka wazi safari hii. Mzee Kazadi alijaribu kununa, lakini kitu kiliangaza machoni mwake, kwa maana hakuna aliyewahi kumpa changamoto ya masikio katika mji huo. Alipanga mambo kama kazini. Rigobert aliandika namba za santuri zake nyuma ya telegramu yake mwenyewe, ikakunjwa mara nne, ikafungwa kwenye fundo la kikwembe cha Mama Victorine. Kisha Rigobert akatumwa kukaa jikoni na sufuria ya bukari, asije akakonyeza. Ndaya alikaa akitazama ukuta.

"Ukipata zote, barua ya Kalima nitaichana," alisema baba yake. "Ukikosa hata moja, Jumatatu inajibiwa, na haulii. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, Papa."

Santuri ya kwanza haikuwa yake. Ya pili ilipoanza tu, kabla mwimbaji hajafungua mdomo, Ndaya alitabasamu akiutazama ukuta. Kule chini, nyuma ya gitaa, mtu alikuwa anatembea kwa raha, akichelewa nusu ya pumzi kabla ya kukanyaga, vile vile Rigobert alivyokuwa akichelewa kumuaga Ndaya mlangoni usiku. "Hii," alisema. Ya tano: "Hii." Ya nane aliitambua kwa mruko wake mdogo, aliourithi kutoka kwenye sanduku la kamba moja. Ya kumi na moja alicheka kabisa, kwa kuwa Rigobert alikuwa anamtania mwimbaji, akimwigiza mwisho wa kila mstari.

Sindano ilikwaruza mwisho wa ya kumi na mbili.

"Mbili, tano, nane, kumi na moja," alisema Ndaya. "Papa, basi."

Rigobert aliitwa. Mama Victorine alifungua fundo lake, akaikunjua karatasi, na uso wake ukabadilika. Akampa mumewe.

"Mbili," alisoma Mzee Kazadi. "Tano. Saba. Nane. Kumi na moja."

"Saba?" Ndaya aligeuka. "Hapana. Saba si wewe!"

"Ni mimi," alisema Rigobert polepole. Alitazama karatasi, akamtazama yeye. "Laiti ningeiacha."

"Usingeiacha," alisema Ndaya, na machozi yakamjaa kwa hasira ya kujipenda na kujichukia. Masikio yake! Masikio aliyojivunia! Kwa namba moja tu amejipeleka mwenyewe Kalima, kwenye mwandiko wa kupendeza. Alikuwa ameahidi kutolia, kwa hiyo aliuma mdomo, na machozi yakashuka bila ruhusa.

Baba yake hakusema "umekosa." Alikuwa amesimama na karatasi, midomo ikitembea. Kisha akairudisha ya saba kwenye gramofoni, akaizungusha, akaweka sindano.

Ndaya aliijua santuri ile kuliko zote, kwa kuwa ndiyo baba yake aliyoipiga kila Jumapili baada ya misa, mwaka mzima. Wimbo wa kawaida wa kucheza. Lakini Mzee Kazadi hakuwahi kuucheza. Aliusikiliza tu, ameinamisha kichwa, kama awapo kazini.

"Victorine," alisema sasa. "Kila Jumapili ninakuambia nini juu ya diski hii?"

"Unaniambia muntu wa nyuma ni mugonjwa. Ninakuambia ule chakula."

"Ni mugonjwa." Aliinua kidole. "Sikia. Anafika kwa wakati, hakosi, ni fundi. Lakini kila ndefu inabaki. Hataki kuiachilia. Nilisema, yule muntu akimaliza wimbo atakwenda kulala. Mwaka muzima ninamuhurumia na simujui." Akamgeukia Rigobert. "Siku ile ulikuwa na homa?"

"Hapana, Papa."

"Usinidanganye. Mukono haidanganye."

"Sikuwa na homa." Rigobert alitazama chini. "Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka jana. Tangu Noeli sikupata barua hata moja. Niliandika, hakuna jibu. Siku ile asubuhi nilijiambia, Ndaya ameolewa. Kisha wakaniita kazini."

Mama Victorine alikohoa kikohozi kirefu chenye maana. Mzee Kazadi aliitazama dari. Aliitazama kwa muda mrefu sana kwa mtu ambaye dari yake haikuwa na kitu. Wimbo uliendelea kuzunguka, wenye furaha mbele na wenye huzuni nyuma, na sasa kila mmoja chumbani isipokuwa Rigobert alijua huzuni ile ilianzia kwenye kijiko gani.

"Njo maana sikukujua," alisema Ndaya. Alisahau wazazi, alimsogelea. "Mimi ninajua mukono yako ya furaha peke yake. Sijawahi kukusikia ukihuzunika."

"Usiisikie tena," alisema Rigobert.

Sindano ilifika mwisho. Mzee Kazadi aliiinua mwenyewe, akaifuta santuri kwa leso, akairudisha kwenye mfuko wa namba saba.

"Binti amekosa moja," alisema. "Ile amekosa, baba yake ameipata. Nyumba ni moja, masikio ni ya nyumba." Akavuta kigoda, akakaa, akajivutia sahani yenye paja la jogoo wake kipenzi. "Lakini bado kuna jambo. Mama mukubwa akikuja kwa posa, kazi yake njo kusema. Huyu tangu afike amekaa kwenye kiti yangu kama malkia, hajasema neno. Kijana, umusemeshe."

Rigobert hakusubiri aambiwe mara mbili. Aliiinua kontrabasi kutoka kwenye mto, akaisimamisha sakafuni, akaikumbatia. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, kwa mazoea ya ule mstari wa chokaa, kisha akajicheka, akasogea hatua mbili mbele.

Sauti ya kwanza Ndaya hakuisikia kwa masikio, aliisikia kwenye ubao wa sakafu, ikampanda kwenye nyayo. Vikombe vililia kabatini. Hapakuwa na mwimbaji wa kumshikilia wala gitaa la kumfunika, alikuwa yeye tu, akitembea kwa raha, akichelewa ile nusu ya pumzi, akimtazama Ndaya bila kuficha. Nje, majirani walianza kusogea uani. Mama Victorine alikuwa tayari anatikisa mabega, safari hii si kwa kicheko.

Mzee Kazadi alitafuna. Hakuinua macho kwenye sahani. Lakini mkono wake wa kulia ulikitafuta kijiko, ukakipata, na kijiko kikaanza kugonga ukingo wa meza katikati ya muziki.

Ndefu, fupi.

Ndaya alishika ukingo wa kiti. Ile HAPANA ya Noeli ilianza kwa fupi nne, hii ilianza kwa N.

Ndefu, fupi, fupi. Kisha fupi mbili, na sasa Ndaya alikuwa na NDI. Ndefu, fupi, ndefu, ndefu. Baba yake alikuwa anaitoa polepole, mkono ukitetemeka kidogo, kama wa mtu mwenye homa. Na mwisho ndefu tatu, zilizobaki mezani, ambazo hakutaka kuziachilia.

Rigobert hakujua mapigo yale yanasema nini. Aliyasikia mara moja, kama alivyozoea kusikia nyimbo za watu, na mara ya pili vidole vyake vikayachukua. Kontrabasi ikayarudia kwa sauti yake nene, herufi kwa herufi, mpaka kwa majirani uani, na Rigobert akacheka kwa kuwa mdundo ulikuwa mzuri na hakuelewa kwa nini Ndaya analia.

"Papa anasema nini?" alimuuliza, vidole vikiendelea.

"Piga tena," alisema Ndaya. "Unaisema vizuri. Piga tena."